Salamu za Fundi Viatu

Fundi viatu wa pale stendi si mtu wa maneno. Kutwa nzima mdomo wake umejaa vimisumari, anatoa kimoja kimoja na kukigongelea kwenye soli, na mteja akiuliza bei anajibiwa kwa vidole. Mkewe husema hata nyumbani anarudi navyo mdomoni. Wameishi pamoja miaka thelathini na minne, wamelea watoto watatu, na hajawahi kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anampenda.

Msidhani ana roho kavu. Kila mwaka mkewe alipoadhimisha siku ya kuzaliwa, fundi alituma kadi redioni, na mtangazaji wa kipindi cha salamu, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, akaisoma. Mama alikuwa anafungulia redio mpaka mwisho ili majirani wapate habari zao, huku mzee akijifanya anatafuta kiatu chini ya kitanda. Kusema kweli, kazi ya mapenzi katika nyumba ile aliifanya mtangazaji.

Basi mtangazaji akafariki. Nchi ikazizima. Redio ikawa inapiga nyimbo za maombolezo tu, kipindi cha salamu kikaondolewa, na wauza mboga sokoni wakanong'ona bei. Mazishi yakapangwa Jumamosi, siku ileile mke wa fundi alipokuwa anatimiza miaka sitini.

Binti yao, muuguzi, alikuwa ameshaagiza keki.

"Mama, tuahirishe?"

"Keki gani tena, mwanangu? Mtu amenisalimia miaka yote hii, leo anafukiwa, mimi nikate keki?" Akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, kisha akacheka kidogo. "Na mwaka huu nani atanisalimia?"

Alisema kwa utani, lakini fundi aliyekuwa mlangoni akifunga kamba za viatu alisikia, na maneno yale yakamkaa moyoni.

Jumamosi alikwenda kazini hivyohivyo. Mazishi yalikuwa yanatangazwa moja kwa moja, wateja wamezunguka redio yake ndogo, wengine wanalia waziwazi. Fundi alijigonga kidole gumba kwa nyundo mara mbili. Akabandika kisigino cha kushoto kwenye kiatu cha kulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa anajifunza. Alijua siku ile ikipita kimya, mkewe atakuwa na haki ya kuamini kwamba aliyempenda miaka yote ni marehemu. Akachana kifuniko cha boksi la viatu, akatafuta kalamu, akaandika juu yake, akafunga kibanda mapema.

Nyumbani alikuta redio imezimwa na keki iko mezani, imefunikwa, hakuna aliyeigusa. Akasimama mbele ya mkewe na binti, kifuniko chake cha boksi mkononi.

"Baba, unaumwa?" binti akauliza.

Akatikisa kichwa. Akakohoa. Halafu akaanza kusoma, uso ameuelekeza kwenye redio, kana kwamba bila kupitia pale salamu hazifiki.

"Fundi viatu wa pale stendi anamsalimu mke wake, mama wa watoto wake, popote alipo. Anamtakia heri ya miaka sitini. Ujumbe wake unasema..."

Hapo akakwama. Ujumbe ulikuwa umeandikwa, unaonekana, lakini haukutoka. Akashusha kifuniko, akamgeukia mkewe.

"Nakupenda, mama watoto. Yule bwana nilimwachia kwa sababu anasema vizuri. Mimi niliogopa nitaharibu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mama, na safari hii hayakuwa ya msiba peke yake. Aliinuka taratibu, akaenda dirishani, akafungua mbao zote mbili mpaka zikagonga ukuta.

"Hebu rudia, baba watoto," akasema. "Ongeza sauti. Majirani hawajasikia."