Mwanya wa Bibi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Kahama kupimwa meno ya bandia. Kijana wa pale, mwenye koti jeupe na adabu nzuri, alinijaza mdomo kitu baridi kama udongo wa mfinyanzi, akasubiri kigande, kisha akaniuliza, "Bibi, ungependa meno yako yakae vipi?" Nilimjibu vyovyote tu. Mjukuu wangu akacheka. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa namwaza bibi yangu mimi, maana yeye hakuulizwa swali hilo, na kwa kuwa hakuulizwa, nimeishi na wivu mmoja tangu nikiwa msichana.

Tulikuwa watoto watatu. Mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume akinifuata, na wa mwisho msichana. Baba alifukiwa na shimo la dhahabu. Mama akaondoka na homa kabla kitindamimba hajajua kumwita mama. Bibi, mama yake baba, akatukusanya kwenye boma lake huku upande wa Segese, ndani ya ua wa minyaa. Vita ile kubwa ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nasoma darasa la pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja niliona mtama haujasagwa na ng'ombe hawajakamuliwa, nikachomeka kibao changu cha kuandikia kwenye paa la nyumba, na sikukishusha tena.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kinywa cha bibi. Chini alikuwa na meno machache, juu hakuwa na hata moja. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha juani vinavyokuwa vigumu kama vigae, wenzetu waliitafuna wakiwa njiani kwenda malishoni. Ya bibi niliichemsha nikaiponda. Nyama niliitwanga kwenye kinu kidogo, na hata leo naijua sauti yake: mchi hulia mzito mwanzoni, halafu nyama ikilegea hulia kama mtu anayetembea kwenye tope. Nikimaliza hapo, nashona vibuyu. Kibuyu cha maziwa kikipasuka kwetu hakikutupwa. Unachoma matundu madogo kila upande wa ufa kwa chuma chembamba chenye moto, unapitisha uzi, unakaza taratibu, kisha unaziba kwa nta. Majirani waliniletea na vya kwao. Nilikuwa na mkono mzuri, kila mtu alisema hivyo, isipokuwa bibi, ambaye alivipokea tu na kumimina maziwa.

Sifa za bibi zilikwenda kwa mdogo wangu wa kike, na sababu ilikuwa mwanya.

Wasichana wa rika la bibi, walipokaribia kuolewa, walikatwa pembe za yale meno mawili ya mbele ya juu kwa patasi ndogo, ukabaki mwanya uliochongoka kuelekea juu. Huo ndio ulikuwa urembo wenyewe. Bibi alituambia kwamba babu alimwona akicheka kisimani, na kesho yake akatuma washenga. Meno yaling'oka, lakini mwanya hakuacha kuusimulia. Sasa mdogo wangu alizaliwa na wake, bila patasi ya mtu. Kila alipocheka bibi alimshika kidevu na kusema, "Huyu ni mimi. Tazameni, huyu ni mimi mzima." Mimi meno yangu yalibanana kama punje za mahindi. Niliinama mara nyingi juu ya mtungi nikachokoa kijiti katikati ya meno, nikaishia kutoa damu.

Basi ikawa baba mdogo, aliyekuwa kibarua kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, akataka kuoa. Wakwe walikuwa watu wa Ushetu, wakulima wa tumbaku, watu wa kupima mambo. Kwa desturi yetu, siku wakwe wanapokuja kuona boma, mama wa bwana harusi ndiye hutafuna kidari cha kwanza mbele yao, na wao ndipo hunawa mikono. Baba mdogo alituambia waziwazi, tukiwa tumeketi kando ya moto, kwamba wakimwona mama yake anakula nyama ya kutwangwa watasema binti yao anakuja kuuguza kikongwe na kulea mayatima watatu. Na wakikataa, wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kusema: bibi hajiwezi, watoto wagawanywe kwa ndugu, mmoja huku, mmoja kule.

Kwa hiyo alimpandisha bibi lori la pamba hadi Shinyanga mjini, kwa fundi wa meno Mhindi. Walikwenda mara ya kwanza akang'atishwa nta, wakaenda tena kuyachukua. Bibi alirudi amefunga mdomo. Jirani yetu, mjane aliyependa utani, alikuwa wa kwanza kumwamkia, na bibi alipofungua kinywa kuitikia yule mama alirudi nyuma hatua nzima.

"Mayu," akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita mama, "umemvua nani haya?"

Yalikuwa meupe, yamenyooka, yameshikana bila nafasi hata ya unyasi. Bibi aliinamia maji ya mtungi akajitazama kwa muda mrefu. "Huyu simjui," akasema. "Mume wangu mwenyewe akirudi kutoka kaburini atanipita."

Fundi alikuwa ameagiza yaoshwe kwa maji baridi na sabuni, yalazwe ndani ya maji, yasipigwe jua. Nilijua kazi hiyo ni yangu. Nilikuwa nimeshatafuta kikombe cha bati chenye mfuniko. Bibi akakipokea mkononi mwangu, akamkabidhi mdogo wangu wa kike. Mimi nikachota maji kisimani. Mdogo wangu akayatumia kuoshea meno, taratibu, ulimi umetoka nje kwa uangalifu, na bibi ametulia akimtazama. Yale meno yaliniondolea kinu changu, halafu hata kuyashika sikupewa. Niliyaonea wivu kama mtu anavyomwonea mke mwenza.

Siku chache kabla ya wakwe, bibi alituambia tufuatane naye kwa mhunzi, yule mzee aliyefua majembe karibu na mbuga. Mimi nilibeba kuku wa shukrani. Mdogo wangu hakubeba kitu. Bibi alimkalisha juu ya gogo, akamwambia acheke, kisha akayatoa meno yake na kuyaweka juu ya fuawe.

"Nichongee kama haya ya mtoto," alisema.

Mhunzi aliyageuzageuza. "Mayu, mimi nachonga majembe. Vitu vya Wahindi sivijui."

"Baba yako alinikata mimi nikiwa hai, nikalia mpaka jioni. Haya hayalii. Kata."

Mzee akachukua tupa. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri, unga mweupe ukadondoka. Upande wa pili akaona tupa inachelewa, akashika patasi. Ulisikika mlio mdogo tu, na ule ufizi wa bandia ukapasuka katikati, vipande viwili, kila kimoja na meno yake. Mhunzi hakumpokea kuku. Bibi alifunga vipande kwenye ncha ya kanga, akatangulia njiani.

Nyumbani alilala akatazama ukuta. Mdogo wangu alilia, akajaribu kuunganisha kwa ulimbo wa kunasia ndege, mate yakaubandua. Kumpeleka bibi mjini tena haikuwezekana, siku zilikuwa zimekwisha, na baba mdogo bado alikuwa Geita. Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, nitayashona."

"Hicho si kibuyu."

"Kimepasuka kama kibuyu."

Aligeuka kutoka ukutani. Kisha akafungua ile ncha ya kanga.

Nilivua bangili yangu ya nyuzi za shaba, ile niliyoachiwa na mama, nikafumua uzi mmoja mwembamba. Nilitia chuma changu motoni. Ule ufizi ulitoa harufu kali kama pembe ya ng'ombe inayoungua, lakini ulikubali. Matundu manne huku, manne huku. Mdogo wangu alinishikia, nami nikamwambia asihemee kazi yangu. Nilipokaza uzi niliona kwamba kingo hazigusani mbele, kwa vile tupa ilikwisha kula sehemu yake. Ulibaki mwanya. Ningeweza kuuziba kwa nta. Niliuacha.

Bibi aliyavaa, akaenda kwenye mtungi. Akayachekea yale maji.

Wakwe walikuja. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa mtama, moshi unaniwasha macho, nikawaona kupitia upenyo wa miti. Bibi alichukua kidari, akang'ata, akavuta, nyama ikakatika. Mkwe mkuu akaguna kwa kuridhika na kuomba maji ya kunawa. Mkewe akasema, "Mayu, kumbe bado una mwanya wa kisichana." Nikaacha kusonga. Bibi akamvuta mdogo wangu aliyeketi miguuni pake, akamshika kidevu, akawaonyesha.

"Huu nimeupata kwa huyu," akasema. "Huyu ni mimi."

Nikageuza ugali. Hatukugawanywa, harusi ilifanyika, na watatu tukakulia kwenye boma lile. Hilo ndilo nililolitaka, na nililipata. Lakini jingine nililitaka pia.

Uzi ulipolegea niliukaza, miaka yote. Bibi alinipa vipande bila neno, kama alivyonipa vibuyu. Siku alipofariki, akinamama waliomwosha walichungulia mlangoni wakauliza, "Yule mjukuu wa meno yuko wapi?" Kila mtu alimtazama mdogo wangu, naye akaondoka kwenye mkeka akaingia. Mimi nilikuwa nawapikia waombolezaji. Alipotoka nilimwuliza kama yamekaa sawa.

"Yamekaa, dada," alisema. "Kama vile anataka kucheka."

Siku hizi hakuna binti anayekatwa meno, na maziwa hutiwa kwenye madumu ambayo yakipasuka hutupwa. Minyaa ya boma letu iling'olewa, wachimbaji wamepatoboa pale mahali pote wakitafuta dhahabu, na mdogo wangu wa kiume naye hayupo tena. Sijui kama kaburi la bibi wameliruka. Huko chini kuna mshono wangu wa shaba. Tunaoujua ni mimi na mdogo wangu wa kike tu, naye ni bibi sasa, na kila anapocheka, watu wa kwetu bado humwambia amefanana na marehemu.