Ng'ombe Waliolamba Ubao wa Karakana

Wakati wa masika ukungu wa Mlima Hanang ulishuka mpaka ndani ya karakana ya mashamba ya ngano ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kutunza zana. Kila jioni nilifuta spana, koleo na patasi, nikazipaka oili, nikazifungia kabatini. Asubuhi zana za droo ya chini zilikuwa na kutu. Za juu zilikuwa safi. Jambo hilo halikunipa raha.

Mkuu wa karakana alipitisha kidole kwenye spana, kikatoka chekundu.

"Oili unaiuza wapi?"

"Siuzi, mkuu."

"Nikiona kutu tena, unarudi kwenu Mbulu kulima maharage."

Nikaanza kumchunguza mlinzi. Alikuwa mzee, mfugaji wa huko tambarare, na mkuki wake uling'aa masika yote huku spana zangu zikiliwa na kutu. Nilijiambia, ile ni oili yangu. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, nikaomba kuushika mkuki, nikaunusa. Ulinuka mafuta ya kondoo.

"Marahaba. Mbona unanusa kama fisi? Umepoteza nini?"

Nilipomweleza, alinipeleka nyuma ya karakana na kunionyesha ubao wa chini wa ukuta. Ulikuwa umelowa, na katikati umelika ukawa laini.

"Ng'ombe wote wanaopita hapa wanalamba huu ubao. Nimewafukuza mpaka nimechoka. Ng'ombe halambi ubao bure, kijana."

Nikaugusa kwa ulimi. Chumvi. Na upande wa pili wa ubao ndipo lilipokuwa kabati langu.

Mafundi wawili walinisaidia kulisogeza. Nyuma yake, chini ya turubai, kulikuwa na gunia la chumvi ya ziwani, ile ya kulambisha mifugo. Lilikuwa limevuta unyevu likaanza kutoa maji, na maji yamepanda kwenye mbao za kabati mpaka droo ya chini. Mkuu akaingia wakati tunalitazama.

"Hilo ni la mlinzi," alisema kabla hajaulizwa. "Mwenye ng'ombe hapa ni yeye."

Mzee aliegemea mkuki wake. "Bwana mkubwa, ng'ombe wangu wanakwenda ziwani kwa miguu yao. Chumvi ya kwenye gunia ni ya mtu ambaye ng'ombe wake wako mbali."

Mafundi walicheka wakitazama chini. Kila mtu pale alijua mkuu alitoka wilaya nyingine, na kwamba alikuwa na mifugo kwao.

"Sogezeni kabati upande ule," mkuu aliamuru, akatoka.

Tulipofunga kazi gunia halikuwepo. Kuhusu kutu mkuu hakuniuliza tena, wala kuhusu maharage. Lakini jioni ile, pikapu yake ilipokuwa imesimama langoni, ng'ombe wawili waliokuwa wakirudi nyumbani waliiacha njia, wakaenda kulamba bodi yake ya nyuma. Mzee alikuwa pale pale. Safari hii hakuwafukuza.