Maua ya Mstari wa Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha muziki, na hesabu za darasa la nne pia, kwa kuwa muziki peke yake haumpi mtu meza kwenye ofisi ya walimu. Watoto wananiita Mwalimu Kinanda. Ni jina zuri kuliko ninavyostahili.

Katika kila kwaya niliyoongoza kuna watoto ambao sauti zao hazikubali kutulia. Kinanda kikipanda, wao wanashuka. Hao niliwapanga mstari wa tatu, nyuma ya wenye sauti za nguvu, nikawanong'oneza: "Nyinyi ni maua yangu. Ua hupendeza bila kutoa sauti. Fumbueni midomo, tabasamuni, kazi waachieni wenzenu." Nyimbo zikanyooka, mwalimu mkuu akafurahi, nami nikajiona fundi. Wazazi hawakujua lolote.

Mwaka jana mji uliandaa tamasha la shule zote kwenye uwanja wa mpira, mlango wazi kwa kila mtu, ili watu waone kwamba muziki ni elimu, si jambo la kupotezea muda. Sare za kwaya yetu zilishonwa na bibi mmoja ambaye cherehani yake iko mlangoni mwa nyumba iliyo jirani na shule. Macho yake yameingia ukungu. Uzi anatungiwa na mjukuu wake wa darasa la tano. Mjukuu huyo alikuwa mmoja wa maua yangu. Walimu wenzangu walipouliza kwa nini nimemweka nyuma, nikawatania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Tulicheka mpaka tukapaliwa na chai.

Siku yenyewe nikapewa kipaza sauti niseme machache. Nikasema mengi. Nikasema hakuna mtoto asiyeweza kuimba, kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba shule inayomnyima mtoto muziki inamnyima nusu ya ulimi wake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilikuwa nayaamini niliyosema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kisha nikawageukia watoto, nikainua mikono, na tisa wa mstari wa tatu wakafumbua midomo mitupu.

Tulipomaliza, bibi akaja akipapasa viti, mjukuu amemshika kiwiko. Alitaka kunishukuru.

"Mwalimu, mimi siku hizi sioni vizuri, lakini masikio bado ninayo," akasema. "Sauti ya mjukuu wangu nimeitambua kati ya zote. Ile nyembamba ya juu, pale mwishoni. Machozi yalinitoka, sikufichi."

Ile nyembamba ilikuwa ya binti wa mwalimu mkuu. Nikamtazama mjukuu. Angeweza kuniumbua pale pale, na ningestahili.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Ilikuwa yangu."

Mtoto wa miaka kumi na mmoja akanisitiri mimi, mtu mzima mwenye mvi. Nikamwambia bibi "hongera", nikainama kukunja nyaya za vipaza sauti zisizokuwa zangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu nikawaita wote tisa chumba cha muziki. Nikawaomba radhi. Nikasema nilikosea, hakuna tena maua, kuanzia leo kila mtu aimbe, akipotea tutamtafuta. Wanane wakaanza, kila mmoja na njia yake, vurugu tupu, na sikumkatiza hata mmoja.

Mjukuu wa bibi alisimama wima, macho kwenye mkono wangu, tabasamu mahali pake, midomo ikienda na maneno bila kukosea hata moja. Nikasogea. Nikainama nikatega sikio karibu kabisa na mdomo wake, nikasikia pumzi tu.

"Imba, mwanangu," nikamwambia.

"Si ndiyo naimba, mwalimu," akanijibu.