Dripu Aliyoikataa Daktari Hasna

Kofi la kwanza lilimrusha Daktari Hasna hadi kwenye kabati la dawa. La pili hakulingoja. Alimng'ata Salvatory kiganja mpaka akaonja damu, na tuseme ukweli, aliona raha.

Chanzo ni dripu. Wafanyabiashara wetu wa Guangzhou, China, wana imani yao: kabla ya kushinda soko la Shiling wakichagua mikoba, au bandari ya Huangpu wakisimamia kontena, lazima mtu atundikiwe maji ya nguvu. Miaka sita Hasna, Mzanzibari aliyesomea udaktari hukohuko, aliwatundikia katika kliniki yake ndogo karibu na stesheni ya Liuhua. Alilipwa kwa kila chupa, basi chupa hazikuisha. Mwaka huu akaubadili mtindo. Chama cha Watanzania sasa kinamlipa kwa kila mwanachama ambaye presha au sukari yake imeshuka. Dripu za safari zikafa, na nusu ya wateja wakamnunia.

Salvatory, mfanyabiashara wa viatu kutoka Moshi, hakuishia kununa. Alikuja saa nne asubuhi, gari la Huangpu likimsubiri chini. Hasna akampima presha: mia mbili kumi na nane kwa mia na ishirini na tano. Akamwambia dripu hapati, ameze dawa, apumzike. Ndipo kofi likatua.

“Usinijibu meiyou, eti hakuna, kama Wachina wa sokoni!” alinguruma. “Mdogo wangu William ulimtundikia! Hukumuuliza hata swali moja, mimi unaninyima?”

Aling'oa chuma cha kutundikia dripu, akavunja kioo cha kabati, akaiponda mizani. Mtandio wa Hasna ulikuwa sakafuni, mdomo umepasuka. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kukimbia. Lakini akikimbia, huyu atapanda ghorofa ya juu kwa yule daktari anayemtundikia yeyote, na hatarudi hai. Hasna alijua hivyo kwa sababu ya William, na mwaka mzima alikuwa ameficha kwa woga.

“Nilimtundikia, kaka Salvatory. Sikumpima kwanza. Nilipompima chupa ilishakwisha, na presha yake ilikuwa kama yako hii. Nikanyamaza, nikamwacha aende. Maji yakamjaa kifuani, akafia Huangpu. Mie ndiye niliyemuua.”

Chuma kikainuka. Hasna alifumba macho, akatamka shahada. Kilimpita sikioni, kikapasua vigae vya ukutani, vipande vikamchana shavu.

Salvatory aliketi palepale kwenye vioo, akalia kwa sauti, akimtukana Hasna na mama yake na kliniki yake, chuma bado kimo mkononi. Hasna alimchukia, akajichukia zaidi. Alitambaa hadi alipo, akamzungushia mkanda wa mashine ya presha kwenye mkono uleule ulioshika chuma.

“Legeza mkono, kaka,” alisema. “Ukiukaza haisomi.”

Ilichukua muda. Kisha akaulegeza.