Wali wa Njano wa Idi

Kila Idi jirani yetu Mpunjabi, mke wa fundi seremala, alituletea sinia la wali mtamu wa njano. Mwaka ule walihama Bukoba kwenda Mwanza, akaniachia zafarani kidogo ndani ya karatasi. Nilikuwa msichana mwenye haya, hata salamu niliitoa nikitazama chini. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia baba, "Idi hii nitaupika mimi."

Baba akafurahi mno, akawatangazia wenzake msikitini. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mama alikuwa amejifungua juzi tu, kwa hiyo shangazi alikuja kutoka Nshamba kusimamia jiko. Kwake chakula ni ndizi. Vingine vyote ni vya kuchezea mdomo. Asubuhi ya Idi niliupanga wali wangu kama tunavyopanga ndizi: kila kitu sufuriani kwa pamoja, sukari ikiwemo, nikafunika. Nilipofunua, harufu ilikuwa nzuri, lakini punje zilikuwa ngumu. Nikaongeza maji. Bado ngumu.

Shangazi alitafuna kidogo, akatema mkononi. "Mawe! Unataka kuwalisha wageni wa baba yako changarawe? Nipishe niweke ndizi."

"Mchele mwingine upo, shangazi."

"Kumbe una sauti!"

Nikakaa mbele ya mafiga, nikaikumbuka mikono ya jirani, nilivyokuwa nikiitazama jikoni kwake. Alichemsha mchele peke yake kwanza. Alitoa punje, akaibonyeza kwa vidole, na hakugusa sukari mpaka punje ivunjike bila kiini kigumu ndani. Mimi niliutia sukari ukiwa mbichi, nayo ikaukaza.

Nikaanza upya. Nilichemsha, nikabonyeza, nikachuja. Kisha nikatia sukari, samli, hiliki, zabibu, na zafarani niliyoiloweka katika maziwa ya moto. Jirani alizoea kuziba mfuniko kwa unga wa ngano uliokandwa. Unga huo sikuwa nao. Nikababua majani ya mgomba, nikaufunika wali na kuyachomeka pembeni, vile vile shangazi alivyonifundisha kufunika ndizi, nikabakiza makaa machache chini.

"Hapo sasa angalau unapika," akasema.

Wanaume waliporudi kutoka kuswali, nilifunua. Punje zilisimama moja moja, ndefu, za njano, laini hadi ndani. Sinia lilirudi jikoni tupu. Nikamsikia mgeni mmoja akiuliza kama yule mama wa Kipunjabi amerudi kutoka Mwanza.

"Amepika binti yangu," baba akajibu, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni.

Shangazi alikuwa ameinama juu ya sufuria, anakwangua ukoko. "Huu uliobaki nifungie kwenye jani niende nao Nshamba," akasema. "Na mwanangu akioa, utakuja kutupikia."

"Nitakuja, shangazi," nikasema, nikimtazama usoni.