Kuonja Si Kula

Kaka yangu alikuwa mwokaji wa mikate, na watu walimwita Hamira kwa sababu ya tumbo lake. Jina lilibaki hata tumbo lilipokwisha. Alikuwa akila kama mchwa, sahani ya wali ikifuata sahani ya viazi, na bado suruali zikawa zinamvuka. Wateja niliowauzia mkate kwenye dirisha la duka letu waliniuliza kama wifi yangu anamnyima chakula. Niliwaambia wachukue mkate waende zao.

Wifi alimlowekea mkate kwenye maziwa, chakula chepesi cha mgonjwa, na kadiri alivyokula ndivyo alivyozidi kuharisha.

Hospitali walimpitishia mpira wenye kamera mdomoni, wakakata kipande kidogo cha utumbo wake. Mimi ndiye niliyekwenda naye kusikiliza majibu, maana wifi akiona tu geti la hospitali analia. Daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, alitueleza kwamba chakula ulichokimeza si chako bado. Meno yamekisaga, tumbo limekivuruga kwa tindikali yake, nyongo imeyalainisha mafuta, na bado kinapita njia tu. Kinakuwa chako kikifika kwenye utumbo mwembamba, ambao ndani umejaa vijinyuzi laini kama taulo jipya. Hivyo ndivyo vinavyonyonya virutubisho na kuviingiza kwenye damu. Vya kaka yangu vilikuwa vimelala vyote. Kuna kitu ndani ya ngano, akasema, ambacho kwa watu kama yeye huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Akiacha ngano, vijinyuzi vitaota tena. Asipoacha, atakufa kwa njaa huku anakula.

Kaka aliuliza kama shayiri nayo imo. Akaambiwa imo. Akaitikia kwa kichwa, basi, tukaondoka.

Nyumbani ngano ilitolewa jikoni siku hiyo hiyo. Kazini akaendelea kwenda kama kawaida. Miezi ikapita, na badala ya kunenepa akaanza kuvimba miguu. Wifi alidhani amerogwa. Mimi sikudhani hivyo, kwa sababu nilikuwa naye pale kwenye tanuri.

Mwokaji anaujua mkate kwa ulimi. Tanuri likifunguliwa, kaka alikuwa akikata pembe ya mkate wa kwanza, akiitafuna taratibu huku amefumba macho, na hapo anajua kama chumvi imepungua na kama unga uliharakishwa kabla haujaumuka. Baada ya maneno ya daktari aliendelea vile vile, ila sasa alikuwa anatema kwenye ndoo. Nilipomgombeza alinijibu kwamba kuonja si kula. Mpishi wa harusi, akasema, huonja sufuria zote na kurudi kwake na njaa. Maneno yangu yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Tuliporudi kwa daktari, akamuuliza anakula nini. Kaka akataja kila kitu, na hakudanganya hata kidogo. Nikatazama miguu yake, ilivyofurika ndani ya kandambili, na hasira zikanipanda.

"Anaonja," nikasema. "Kila tanuri likifunguliwa. Anatema, lakini anaonja."

Kaka hakunitazama. Daktari akasema kinachobaki ulimini kinatosha kuuharibu utumbo, na vumbi la unga analovuta kutwa nzima humezwa pamoja na mate. Aache na kazi.

"Mkate utaonjwa na nani?" kaka akauliza.

Nikamwambia nitauonja mimi. Hakubisha, akanivulia kiunoni funguo za chumba cha tanuri papo hapo, mbele ya daktari.

Mwili wake ulirudi. Miguu ilinywea kwanza, mashavu yakajaa, mwisho wifi akashona upya vifungo vya suruali. Mwanzoni nikirudi jioni alikuwa ananiuliza mkate umetokaje, nami namweleza ganda lilivyokaa, naye ananikosoa. Siku moja hakuuliza, wala hakuuliza tena. Siku hizi anakaa mlangoni, anakula chote anachowekewa, anarudisha sahani. Wapitanjia wanamwambia Hamira umerudi, naye anawaitikia. Hakasiriki na hacheki. Ningefurahi hata angenitukana.

Juzi walimpitishia tena ule mpira. Daktari alikuwa anatabasamu kabla hata hatujakaa. Vijinyuzi vimeota vyote, akasema, sasa kila anachokula kinaingia. Nilimshika kaka mkono kwa furaha, maana nilikuwa nimekwisha kumlilia kama marehemu. Kaka akashukuru.

Wakati wa kurudi tulipita mbele ya dirisha letu. Vijana niliowaachia kazi walikuwa ndiyo kwanza wanatoa mikate, na harufu imejaa barabara nzima. Hakugeuza shingo. Nikamuuliza kama ana njaa, tukae mahali tule.

"Kula nitakula," akasema. "Njaa ndiyo sijaisikia tangu nilipotoka mle ndani."