Dagoretti Corner Hadi Mjini Bila Kupitia Kanisani

Safari hii ilianza kwa sababu ya mtoto mwingine. Mwaka uliotangulia, katika zahanati yetu ya uzazi pale Dagoretti Corner, alizaliwa msichana asiye na njia ya haja kubwa. Tukimpeleka mjini kupasuliwa, tulipitia kanisani abatizwe kwanza. Nilikubali mimi mwenyewe, mkunga mzima! Alifika amekuwa wa baridi kabisa, akafariki kabla ya upasuaji.

Saa moja asubuhi, Julai ya ukungu, akazaliwa mvulana wa hali ile ile. Mama yake hakuweza kuinuka, basi nikamchukua bibi yake, mzee wa kutoka Kakamega.

"Nyanya, fungua vifungo. Mtoto atakaa kifuani mwako, ngozi kwa ngozi."

"Mbele ya dereva?"

"Dereva ataangalia barabara."

Dereva, jirani yetu mwenye bucha, alikohoa tu. Nikamvisha mtoto kofia ya sufu, nikawafunika wote wawili blanketi.

Tulipofika madukani Adams Arcade, bibi akamshika dereva bega. "Simama. Padri anakaa hapa karibu."

"Usisimame!" nilifoka.

"Sista, unataka afe bila jina?"

Machozi yalimtoka, na yangu yalikuwa karibu. Nikamkumbusha kwamba penye hatari Mkristo yeyote anaweza kubatiza. "Mbatize wewe, Nyanya. Hapa hapa." Nikammiminia kiganjani maji ya uvuguvugu kutoka kwenye thamosi. Akayatiririsha kwenye paji la uso wa mtoto, akamwita Petro. Nikapangusa upesi. Dereva aliitikia "Amina" bila kupunguza mwendo.

Hospitalini, daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache, alizigusa nyayo za mtoto kwanza.

"Ana joto huyu. Tunaingia sasa hivi."

Saa tisa alasiri tukaambiwa Petro amepasuliwa salama, ametobolewa njia ya muda tumboni. Bibi alikaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, vifungo bado wazi.

Jioni nilirudi peke yangu kupitia Ngong Road. Tangu siku hiyo mtoto mgonjwa haondoki kwetu ila kifuani mwa mtu, na thamosi iko garini. Hilo ndilo nililojifunza, ila nimechelewa. Yule msichana wa kwanza aliitwa Roza. Alifika mjini na jina zuri, na miguu ya baridi.